Tambuu Aliyoitafuna Bibi

Payakumbuh, 9 Februari

Kaka Ratno,

Salamu kutoka Sumatra. Natumai hujambo wewe na wa nyumbani kwako. Sisi huku wazima, ila mvua haitupi nafasi.

Mimi ndiye yule Netri wa kundi letu la mtandaoni la watengeneza tempe, hii mikate ya soya iliyochachushwa, niliyelalamika kwamba soya yangu inaota ukungu mweusi. Watu walinicheka weee, wewe peke yako ukaniuliza nafunika na nini. Nafunika na blanketi, tena zito. Mama anasema mwanamke wa miaka thelathini na tano anayelaza soya kama mtoto ana lake jambo. Nisaidie, wateja wa kibanda changu wameanza kunikimbia.

Dada yako,
Netri

Klaten, 10 Februari

Dada Netri,

Shikamoo, maana umenizidi miaka mitatu na kwetu Java hilo halisahauliki. Mimi mzima. Bibi yangu aliyenilea naye mzima, anatafuna tambuu na kuwasema majirani, ndiyo kazi yake.

Toa hilo blanketi. Soya ikishatiwa chachu inajipasha yenyewe. Ukiifunika inaungua kwa joto lake. Toboa majani unayoifungia ipumue. Ikiharibika tena, niandikie. Isipoharibika, niandikie pia.

Mdogo wako,
Ratno

Payakumbuh, 2 Juni

Ratno,

Hujambo? Na Bibi je, lile goti lake? Huku salama, na tempe inatoka nyeupe mpaka majirani wamechoka na majivuno yangu.

Miezi minne sasa tunaandikiana, na siku barua yako ikichelewa nawagombeza wateja. Jana Mjomba, kaka yake mama, alinikuta nacheka na simu. Akauliza, "Huyo ana jina?" Nikamtajia. Kwetu sisi watu wa Minang mjomba ndiye msemaji wa mambo haya, na alikuwa anataka kuniunganisha na mwanamume mmoja wa Bukittinggi aliyefiwa na mkewe. Nikasema simtaki. Akasema, "Basi huyo wa simu apelekewe neno, na jibu nalitaka mwezi huu huu."

Kwa hiyo kuna kitu kitafika kwenu. Kikifika nijibu kwa moyo, usinijibu kwa adabu. Ninyi Wajava mna adabu mpaka mtu hajui mnataka nini.

Netri

Klaten, 13 Juni

Netri,

U hali gani? Sisi wazima, na goti la Bibi limepona, au limesahauliwa kwa furaha.

Ndugu yenu mmoja mwenye mgahawa hapa mjini alikuja jana nikiwa sokoni. Bibi anasema alivua viatu, akamsogezea kijaluba cha tambuu kilichofunikwa kitambaa cha dhahabu, akaanza maneno marefu ya mafumbo ambayo Bibi hakuyasikia wala hakuyahitaji. Alitafuna jani kwa jani mpaka mwisho. Mgeni akambusu mkono, akaondoka anatabasamu.

Kumbe ulikumbuka kwamba Bibi anapenda tambuu. Nani mwingine angekumbuka? Asante sana. Lakini bado nasubiri kile kitu ulichosema. Mbona hakifiki?

Ratno

Klaten, 1 Julai

Netri,

Hujambo? Au hujambo nayo ni swali kubwa siku hizi? Wiki mbili na nusu hujaandika, simu hupokei. Kama unaumwa niambie. Kama nimekukosea, niambie pia.

Nimeharibu kapu zima la soya kwa kukuwaza, mimi niliyekufundisha. Na nasema wazi usije ukasema Mjava hafunguki: nakupenda. Andika hata mstari mmoja wa matusi.

Ratno

Payakumbuh, 4 Julai

Kaka Ratno,

Salamu kwako na kwa Bibi. Sikuumwa, nilikuwa na aibu.

Ile tambuu ilikuwa posa. Kwetu upande wa mwanamke ndio unaoposa, na tambuu ikitafunwa maana yake wenye nyumba wamelipokea neno. Ndugu yetu alipiga simu siku hiyo hiyo: "Wametafuna yote, hata jani moja halikubaki." Mjomba akamkatalia yule wa Bukittinggi, akachinja mbuzi, mji mzima ukajua. Kesho yake ikaja barua yako, nikaelewa hamkujua lolote. Wiki tatu nimeshindwa kumwambia Mjomba.

Sasa nimemwambia. Hakunigombeza, na hilo ndilo limeniliza. Wewe hufungwi na tambuu uliyotafuniwa. Tena ujue yote: kwetu mume ndiye anayehamia kwa mke. Nyumba hii ni ya mama, kesho yangu, siwezi kuiacha. Nawe huwezi kuishi mbali na Bibi, umeniambia mwenyewe. Nami nakupenda, Ratno, ndiyo maana nakuachilia.

Dada yako,
Netri

Klaten, 6 Julai

Netri,

Salamu, na nyamaza kidogo unisikilize. Hiyo "dada yako" imeniuma kuliko kimya chako chote.

Nilimsomea Bibi barua yako. Alicheka mpaka akapaliwa. Kisha akauliza, "Unamtaka?" Nikasema namtaka. "Basi kinachokuliza nini?" Nikamwambia, "Wewe." Siwezi kumwacha mtu wa miaka sabini na nane achote maji peke yake. Aliingia chumbani, nikajua nimemkera.

Leo asubuhi nimemkuta mlangoni amekalia sanduku lake, batiki zote ndani. Anasema aliyeila posa ni yeye, kwa hiyo anayeolewa ni yeye. Mimi nafuatana naye tu, nimbebee mzigo. Nimemuuliza kama ana hakika, kuhama kisiwa katika umri ule. Akanishika shavu kama nilipokuwa mdogo, akasema, "Mjukuu wangu, nilikulea ili uishi, sikukulea uwe mlinzi wangu." Nimelia mbele yake bila haya.

Mwambie Mjomba neno tumelipokea, safari hii tukijua. Na kwa kuwa mila yenu ni kwenda kumchukua bwana harusi kwao, mje na nafasi za watu wawili. Fanyeni haraka. Nimemwambia Bibi safari ni ya wiki ijayo, lakini amekataa kuinuka kwenye sanduku.

Mchumba wako,
Ratno