Leo Usiguse Kinu

Tenneh,

Kisamvu kiko kwenye sufuria, bado mawese na pilipili. Kinu usikiguse leo. Majani nimeyakata kwa kisu, kwa hiyo ukikuta mapande kama ya kulishia mbuzi, kula tu, usinicheke.

Baba yako amelala. Nimekwenda kwa nesi Jeneba, anamjua mtu anayewasikiliza walioumizwa na vita.

Najua una hasira. Uliingia kutoka kutwanga, ukamkuta uvunguni na mwanao, amemziba mdomo kwa kiganja. Ukamnyang'anya mtoto, ukamwita baba yako kichaa, majirani wote wakasikia. Mwanangu, ni kile kinu chako. Wakati wa vita tulijificha porini, na hakuna aliyethubutu kutwanga, maana kishindo cha mchi kiliwaleta wenye bunduki. Asubuhi moja mama mmoja akashindwa kuvumilia njaa ya wanawe, akatwanga. Wakaja. Kila mwenye mtoto akamziba mdomo.

Kaka yako Kpana, yule tuliyekuambia alikufa kwa homa, alikuwa mikononi mwa baba yako. Hakulia hata kidogo. Wale watu walipoondoka, hakuamka.

Maji ya kumwogeshea mtoto yako kwenye chupa ya chai.

~~Usimwachie baba yako mtoto.~~

Hapo nimekata. Akiamka atakaa mlangoni, akimtazama mjukuu wake kwa mbali, na hatathubutu kumwomba. Wewe mpe ampakate. Kaa karibu ukitaka, lakini mpe.

Mama