Michembe Ndani ya Piano ya Baba

Bariadi, Jumanne

Kaka Masanja,

Nyundo 88 za piano ya baba, zile zinazogonga nyuzi, zimepotea tangu Krismasi, na wewe ulijua. Pokea salamu zangu hivyohivyo, pamoja na hasira zangu.

Leo asubuhi nimefika Sapiwi kwa shangazi. Jua kali, pamba imejaa mpaka barazani. Nikakaa kwenye piano nipige japo kidogo. Vitufe 88, hakuna hata kimoja kilicholia. Kuinua ubao wa mbele, nakuta michembe! Viazi vikavu vimejazwa hadi kwenye nyuzi.

"Ng'wanone, mwanangu, panya hawaingii humo," shangazi akasema, akinitilia michembe hiyohiyo na karanga. "Kaka yako alizing'oa zile nyundo, eti anazipeleka Dar kutengenezwa. Boksi likabaki bure."

Miezi sita unaniambia kwenye simu kwamba piano ni nzima! Baba alianzia hapo, mtoto wa mkulima wa pamba, akapiga jazi ng'ambo miaka thelathini, akarudi kufia pembeni yake. Mimi nimejifunzia hapohapo bila mwalimu, na muziki huo ndio unaonilisha.

Michembe ni mitamu, nawaletea wanao, wabusu wote. Ila fundi wa kurekebisha sauti za piano niliyekuja naye kutoka Mwanza anaondoka Ijumaa saa sita mchana, na bila nyundo hana la kufanya. Kadi hii inakuja na basi la leo. Nipigie kabla ya saa hiyo, usinizungushe: nyundo unazo au huna?

Dada yako, Kabula