Ni Kamau Anayenifutia

Ruiru, Alhamisi, Machi 1999

Imepotea tena! Ile HTTP_REFERER, ambayo seva huipa skripti yangu ili ijue mtu ametoka ukurasa gani. Ikikosekana, fomu ya kuagiza maua inakataa. Kamau akijaribu, iko. Mimi nikijaribu, hakuna kitu.

Na paswadi ya seva tunayo sisi wawili tu. Tangu nipewe kazi hii badala yake, anachekacheka tu pale ofisini. Ndiyo maana jana nilimwambia Mzee, bosi wetu, waziwazi: Kamau ananiharibia kazi. Akasema atamwita.

Leo jioni nikasimama nyuma yake ili nimshike. Akafungua ukurasa wa mbele, akangoja ile picha kubwa ya waridi ifunguke, polepole hadi nikapiga miayo, ndipo akabonyeza "Agiza". Fomu ikakubali.

"Kwani wewe hupitia wapi?" akaniuliza.

Mimi sipitii mahali. Mzee hataki tukae sana kwa laini ya simu, maana intaneti inalipiwa kwa dakika, kwa hivyo anwani ya fomu niliiandika kwa daftari, na huwa naichapa moja kwa moja. Sasa seva itajuaje nimetoka wapi, na sijatoka popote?

Ngai! Kumbe ni mimi.

Bado simwamini, yeye na kicheko chake. Lakini wakati tunafunga ofisi aliniambia, "Mzee ameniita kesho asubuhi. Pengine anataka nikusaidie na hiyo fomu."

Nikamjibu, "Pengine."