Ule Mvumo wa Magurudumu ya Kaboni

Mwenzangu, uko? Usinicheke kwanza.

Yale magurudumu ya kaboni niliyoazima kwa binamu, yale mapana, leo nimeyatumia kwenye mbio za baiskeli za kukimbizana na saa.

Njia nzima yanavuma vuuu. Nikajua ndio ule mvumo wa kasi wanaousifu wenye magurudumu haya. Nikainama, nikakanyaga, nikajiona ndiye mimi.

Namaliza tu, kocha ananyanyua baiskeli, anazungusha gurudumu la nyuma. Linazunguka kidogo linasimama. Anarudia. Linasimama.

"Wewe binti, umeendesha umefunga breki?"

Kumbe rimu za kaboni ni nene kuliko zangu za zamani, na mimi breki sikuzipanua hata kidogo. Raba za breki zimesagika zimebaki unga. Mvumo wote ule ulikuwa breki, mwenzangu. Breki.

Timu nzima imecheka mpaka wengine wamekaa chini. Kocha anasema nimewatia aibu, kuanzia leo baiskeli aishike fundi.

Simpi mtu. Nimekaa hapa chini na spana, nazipanua breki mwenyewe.

Nilimuuliza kocha swali moja tu: "Nimekuwa wa ngapi?"

Akajibu akiangalia pembeni.

Wa pili. Na breki imeshika.

Huyo wa kwanza ajipange.