Kurudia Gredi ya Kumi

Jumatano, 10 Desemba 2025

Ripoti ya Cheryl imetoka. Amepita Gredi ya Kumi! Nikashangilia mpaka nikafika kwenye hesabu: thelathini na nne. Hiyo ndiyo kupita?! Mume wangu Kip anasema hapa Afrika Kusini ukipata thelathini umevuka, tulia. Nitulie vipi? Mtoto anataka uhandisi wa madaraja, na chuo kikuu hakitamchukua na alama hizo. Lakini dawa naijua — arudie darasa. Mimi kwetu Kisii nilirudia la nane mara mbili, nikaitwa sekondari ya maana. Nusu ya darasa tulikuwa warudiaji, wengine na ndevu.

Alhamisi, 11 Desemba

Nimempigia naibu mwalimu mkuu, Mrs Sithebe. Alidhani amenisikia vibaya. Hajawahi kuombwa na mzazi amrudishe mtoto aliyepita! Halafu akanieleza: kuanzia Gredi ya Kumi mpaka matric, mwaka wa mwisho wa sekondari, mtoto hurudia mara moja tu. Tukiitumia nafasi hiyo sasa, imeisha. Kwa nini asiache pure maths, ahamie Maths Literacy, ile hesabu nyepesi ya bili na ramani? Atapata themanini! Eish. Themanini ya kumfungia mlango wa uhandisi. Nimekataa, kwa heshima.

Cheryl amenuna. Marafiki zake wote wanapanda. Atanishukuru.

Jumapili, 11 Januari 2026

Baada ya ibada Victorine, yule fundi cherehani wa Jeppestown, kanicheka: "Mama Cheryl, kwetu Lubumbashi batoto banarudiaka. Lakini huku, mutoto wako atakukasirikia." Nikamwambia ngoja uone.

Jumatano, 14 Januari

Shule zimefunguliwa. Niko kwenye benchi, nje ya ofisi ya Mrs Sithebe. Nimetolewa! Nilikuwa ndiyo nimeanza kujieleza, Cheryl akanikatiza kwa Kiingereza chake: ni yeye atakayekaa darasani, anaomba waongee wawili tu. Mimi niliyemzaa! Imeniuma, sikatai.

Mlango wenyewe mwepesi, nasikia kila kitu. Naibu karudia habari ya themanini. Cheryl, bila kusita: "No, Ma'am. Pure maths." Huyo ni wangu! Nimefurahi mpaka mwandiko unaharibika.

Sasa naibu anamuuliza — sawa, pure maths. Gredi ya Kumi, au ya Kumi na Moja?

Nimesimama nibishe hodi, nimjibie mimi. Nimekaa tena.