Kibali Kimoja, Watu Wawili

Plano, Teksasi
Mei

Mpendwa Dada Vasundhara,

Pokea salamu zangu za heshima. Natumaini goti la mama yetu, Amma, limetulia, na shemeji bado anagombana na nyani wa paani. Mimi mzima. Achari yako ya maembe imefika, ingawa mafuta yamelowesha mashati yote.

Nilikuambia habari za Himabindu, yule msichana wa mji wa Vizag huko kwetu, niliyesoma naye shahada ya uzamili huku, kisha tukaajiriwa pamoja kusanifu madaraja. Mwaka huu kampuni ilituombea sote vibali vya kazi. Waombaji ni wengi kuliko vibali, kwa hiyo majina huchaguliwa kwa bahati nasibu, na kwetu hii ilikuwa mara ya mwisho: asiyechaguliwa hana budi kurudi nyumbani.

Jina langu lilitoka. Lake halikutoka.

Nilijifungia chooni, furaha yenyewe ikagoma. Yeye ndiye aliyekuja kunigongea: "Wewe mshindi, toka! Wamarekani wanamaliza keki yako." Ofisi ikacheka, naye akacheka kuliko wote. Alasiri nilimkuta anafuta ubao wa michoro yake, anasugua mahali palipokwisha kutakata.

Jumapili nikamwomba tuoane, abaki kama mke wangu. Akamaliza kumenya kitunguu. Kisha akaniuliza kama najua kwamba kibali cha mke hakitamruhusu kufanya kazi. Nikasema najua, ila ni kwa muda tu.

"Phani," akasema, "muda huo watu wetu hapa wanauhesabu kwa mvi. Sikuvuka bahari nije kukungoja sebuleni."

Hakukasirika. Alinipakulia wali, tukala. Wiki iliyopita nikamsindikiza uwanja wa ndege.

Sasa dada, keti kwanza. Jumatatu niliacha kazi. Meneja ameniuliza mara mbili kama mimi ni mzima. Narudi nyumbani mwezi ujao. Himabindu hajaniita, wala hajui, na huenda akanifukuza mlangoni kwao. Akinifukuza, nitatafuta kazi hapo kwetu Vijayawada. Mito ya kuvuka haijatuishia. Lakini nilipokuwa naendesha gari peke yangu kutoka uwanjani, niliona wazi kwamba nimepewa nchi ambayo sikuwa nimeiomba kwa ajili ya mtu mmoja tu, bali wawili.

Najua Amma ameshawatangazia majirani kwamba nimepata kibali. Mwambie taratibu kwamba nakuja, akishamaliza chai yake. Habari za msichana usimwambie. Hizo nitamwambia mwenyewe, nikiwa nimeinama miguuni pake.

Wasalimie watoto na shemeji.

Mdogo wako akupendaye,
Phanindra