Risasi Kabla ya Kisu

Jeppestown, Johannesburg
1 Julai 2018

Baba, shikamoo.

Huu ni mwaka wa nne tangu niondoke Tanga. Mimi mzima, ila mgongo umechoka. Je, kifua chako? Naandika barua kwa sababu kwenye simu Mama husikiliza, na hili asilijue.

Nataka shauri lako, maana ulikuwa askari wa wanyamapori. Kobus, bosi wangu wa gereji, majira haya ya baridi huwinda tandala shambani kwa nduguye. Nyama huiuza kwa Waislamu wa hapa mjini, nao hawaipokei bila kisu. Kwa hiyo yeye hupiga risasi, mimi hukimbia nimchinje mnyama angali hai. Jumamosi dume aliinuka nikiwa nimepiga magoti. Pembe ilichana koti, Baba, koti tu. Kobus alikuwa na bunduki ndefu, akaogopa risasi ingempenya mnyama inipate na mimi.

Sasa ananunua bastola ya kiunoni, asimame kando yangu. Alinipeleka dukani. "Chagua wewe, Karimu, shingo ni yako," akacheka. Kuna nyepesi, risasi kumi na saba, ndogo ndogo. Kuna nzito, yenye tumbo la kuzunguka, risasi sita nene. Yeye anapenda nyepesi, haimchoshi kiuno. Mwanzo alitaka niivae mimi. Nikamwambia eish, mgeni kama mimi nikikamatwa na bastola nitaozea jela.

Nichague ipi?

Mwanao,
Karimu

Tanga
11 Julai 2018

Mwanangu Karimu, marahaba.

Kifua kimetulia. Barua yako aliifungua mama yako, kwa hiyo siri yako mtaa mzima unayo.

Chagua nzito. Tandala aliyejeruhiwa hatishwi na kelele, anataka risasi moja nene mahali pake. Mwenye risasi nyingi hupiga ovyo, nawe uko hapo chini. Aizoee kwanza kwa kulenga makopo, maana inaruka mkononi.

Lakini umeniuliza bastola, hukuniuliza mtu. Ikilia kabla ya kisu chako, mnyama ni kibudu na nyama imepotea. Kobus yuko radhi kuipoteza? Akisita kidogo tu kwa kuwaza nyama, hata mzinga hautakufaa. Mwulize ana kwa ana. Akijiumauma, mrudishie kisu chake.

Baba yako,
Jumbe

Tanga
30 Julai 2018

Karimu, mbona kimya? Simu hupokei. Mama yako amegoma kupika, napika mimi, tunakula makaa. Andika hata mstari mmoja.

Baba

Jeppestown
8 Agosti 2018

Baba, shikamoo, na unisamehe. Simu ilivunjika siku ya kuwinda, kisha nikaona haya kukuandikia.

Nilimwuliza Kobus. Akajibu, "Ukipiga kelele tu, nafyatua. Nyama ni nyama." Akanunua nzito. Na neno lake alilishika, siwezi kumsingizia. Tuliporudi shambani kuwinda, dume aliinuka tena, nikapiga kelele, bastola ikalia juu ya kichwa changu, mnyama akaniangukia miguuni. Alikuwa amekufa. Sikio la kushoto bado linavuma. Nilimshika Kobus mkono nikalia kama mtoto.

Akangoja nimalize kulia. Kisha akaokota kisu akanipa.

"Sasa kata. Damu bado ya moto, nani atajua?"

"Amekufa, bosi."

"Mimi nimekuokoa, Karimu. Na wewe niokoe."

Baba, mkono wangu ulifika hadi shingoni mwa yule mnyama. Nikawawaza wale watu, wanavyosema bismillahi mezani kwa kuniamini mimi wasiyenijua. Nikampa kisu chake. Jumatatu gereji nilikuta mtu mwingine ndani ya ovaroli yangu.

Wenzangu hapa wananiita mjinga. "Mtu kakupa uhai, unamnyima tandala!" Labda ni kweli. Lakini kuwalisha watu kibudu sikuweza, hata kwa aliyeniokoa.

Kazi nyingine sijapata, na kuitafuta nimechoka. Bushra, mwenye duka hapa mtaani, anakuja huko kesho kwa ndege, nampa barua hii, itanitangulia. Mimi napanda basi Jumatatu. Mungu akipenda, Ijumaa tarehe kumi na saba nitakuwa nyumbani.

Mwanao,
Karimu